Dawa ya Kupe wa Mama Mkwe

Mwanamke alifungua boksi la kiberiti juu ya kaunta, akalisukuma taratibu mpaka likafika chini ya macho ya Elina. Hamkuwa na njiti ndani. Mlikuwa na kupe, wengine wamevimba kama punje za mahindi, mmoja bado anachezesha miguu.

"Mwangaluka, daktari," alisalimia mwanamke. "Nataka dawa ya hawa."

"Mwangaluka, mayu. Ni wa ng'ombe au wa mbuzi?"

"Wa nyoka."

Ilikuwa siku ya mnada Bariadi, na duka la dawa za mifugo la Constantine lilikuwa limejaa watu mpaka barazani. Wafugaji walitaka dawa ya minyoo wawahi mnadani kabla jua halijakolea. Kina mama walitaka chanjo ya kuku. Elina alikuwa ameshika bomba la sindano mkono mmoja na simu ya duka mkono wa pili, akadhani amesikia vibaya.

"Nyoka?"

"Chatu. Wa kuchezea ngoma." Mwanamke hakutabasamu. "Ninao wawili, na kibali cha maliasili ninacho. Yule mkubwa ndiye wamemjaa, chini ya magamba mpaka kidevuni. Wenzangu kwenye kikundi wanasema nimpake maji ya tumbaku. Nikawaambia hapana, mimi naenda mjini kwa wataalamu."

Waliokuwa nyuma yake walisogea hatua moja, kana kwamba chatu mwenyewe yuko kwenye kikapu. Mtu mmoja alicheka. Constantine, aliyekuwa akipanga makopo mwisho wa kaunta, aliinua kichwa. Yeye alikuwa na sheria moja dukani kwake: mteja akiuliza, ajibiwe. Alishawaambia wauzaji wake mara nyingi kwamba neno "sijui" humvusha mteja barabara na kumfikisha kwa jirani.

Elina alikuwa na cheti cha afya ya mifugo. Alizaliwa Kalemela, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba, na tangu utoto alimjua ng'ombe mgonjwa kwa kumwangalia masikio tu. Kuku alimjua, mbuzi alimjua. Nyoka hakuwahi hata kumgusa. Chuoni, mwalimu aliliruka somo la wanyama watambaao kwa sababu halitokagi kwenye mtihani, na darasa zima likashukuru.

Lakini yule mwanamke alikuwa amemwita daktari, foleni ilikuwa inasukuma, na Constantine alikuwa anasikiliza.

"Kupe ni kupe, mayu," alisema Elina. Akageuka, akachukua chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. "Changanya kama ya ndama. Mpake mwili mzima kwa kitambaa, usimguse machoni. Usimsuuze, iache ikaukie mwilini."

Mwanamke aliishika chupa kwa mikono miwili. "Una uhakika, daktari? Huyu mnyama ni wa marehemu baba."

"Wataanguka wote."

"Wabeja," alishukuru mwanamke. Alilipa kwa simu, akafunga boksi lake la kiberiti, akaondoka. Aliyefuata alitaka chumvi ya kulambisha ng'ombe.

Elina aliendelea na kazi. Kila alipofungua kabati aliziona chupa zilizobaki za dawa ile zimepangwa safu moja. Watu walipopungua alichukua mojawapo, akaanza kusoma maandishi madogo ya nyuma, yale ambayo hakuwahi kuyasoma kwa sababu aliyajua kwa kuambiwa. Ng'ombe. Kondoo. Mbuzi. Mbwa. Halafu chini kabisa, karibu na picha ya fuvu: sumu kali kwa samaki na nyuki.

Aliyarudia yale maneno ya samaki. Samaki hana manyoya. Samaki ana magamba.

"Winnie," alimwita mwenzake, msichana aliyekuwa akiuza upande wa mbegu. "Nyoka na samaki ni damu moja?"

"Maswali gani hayo?"

"Damu baridi. Si wote ni damu baridi?"

Winnie aliinua mabega, akarudi kwenye pakiti zake za mbegu. Elina akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha bango, akampigia Abdulrazak, daktari wa mifugo wa halmashauri, mtu wa Tanga aliyehamishiwa Bariadi na aliyezoea kusumbuliwa na wauza dawa.

"Elina, mimi ni wa ng'ombe," alisema Abdulrazak baada ya kumsikiliza. "Nikikwambia kitu kuhusu chatu nitakuwa nabahatisha. Ila yupo mwenzangu niliyesoma naye, Harieth, yuko Arusha, anatunza nyoka kila siku. Nakutumia namba yake."

"Lakini wewe unaonaje, daktari? Kwa kukisia tu."

"Kwa kukisia sisemi."

Namba ilikuja. Harieth hakupokea. Elina alipiga tena, akarudi ndani, akamuuzia mzee mmoja dawa ya kuhara badala ya ya macho, akamkimbilia barabarani kubadilisha. Alipiga tena. Akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi. Simu ilipoita hatimaye nusura imponyoke.

"Naona umenitafuta sana," ilisema sauti ya mwanamke. "Kuna nini?"

Elina alieleza haraka, akataja dawa, akataja kipimo cha ndama.

"Nani kamwambia ampake hiyo?"

"Mimi."

"Ameshampaka?"

"Sijui."

"Sikiliza vizuri," alisema Harieth. "Magamba hayazuii dawa kama watu wanavyofikiri. Inapenya katikati yake, inakwenda kwenye mishipa ya fahamu. Ng'ombe anaistahimili, nyoka anaweza kufa nayo. Kama hajampaka, asimpake. Kama ameshampaka, aoshwe kwa maji mengi ya uvuguvugu, sasa hivi, si jioni. Kupe wa chatu wanatolewa kwa mkono, mmoja mmoja. Mpigie huyo mtu."

Elina hakuwa na namba ya huyo mtu. Ndipo akakumbuka malipo. Kwenye simu ya duka, kati ya ujumbe wa wateja wa asubuhi, alikuta jina: Milembe Mayige. Namba ilikuwa pale pale. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, akapiga kwa simu yake mwenyewe, haipatikani.

"Bosi, naomba kutoka," alimwambia Constantine.

"Siku ya mnada?"

"Yule mama wa chatu. Nimempa sumu."

Constantine alitazama kulia na kushoto kuona nani amesikia. "Punguza sauti. Umempa dawa iliyosajiliwa, ina risiti. Kama ana simu utampata kesho. Kama ameshampaka, hata ukienda utakuta yameshakuwa. Hapa si kliniki ya nyoka."

Alisema kwa upole, na huenda hakuwa amekosea. Elina alirudi kwenye kaunta, akahudumia mtu mmoja, akahudumia wa pili. Wa tatu alikuwa mama mwenye vifaranga kwenye kapu. Akamwita, "Daktari..." Elina alivua koti jeupe la duka, akamkabidhi Winnie, akatoka.

Kijiweni alimkuta dereva wa bodaboda aitwaye Shija, aliyezoea kumbebea mizigo ya duka.

"Unamjua Milembe Mayige? Mwenye chatu wa ngoma?"

"Kwa marehemu Mayige? Nani asiyekujua kule. Ni mbele ya Lagangabilili, ukiacha barabara." Shija alimwangalia. "Nakufikisha, lakini kwenye ule mji siingii. Tuelewane kabisa."

Waliondoka. Njia nzima walipishana na malori ya pamba, na vumbi likawaingia mpaka kwenye meno. Nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye miiba ya kando ya barabara. Elina alishika simu kifuani, akipiga kila walipopunguza mwendo, na kila mara yule msichana wa mtandao alimjibu kwa adabu ile ile. Alimwomba Shija aongeze mwendo. Shija akaongeza. Akamwomba tena.

"Dada, tukianguka atafaidika nani?"

Walipita majengo mapya ya serikali ya Lagangabilili, wakaiacha barabara, wakaingia kijia cha katikati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Njiani Elina alipanga maneno. Aliyapanga kwa namna tatu, na katika zote ilikuwapo sentensi inayosema dawa hiyo kwa kawaida haina shida. Alipouona mji wenyewe, nyumba ya bati na kibanda cha udongo pembeni yake, maneno yote yakampotea. Shija alisimamisha pikipiki mbali, akazima injini.

Milembe alikuwa amepiga magoti uani. Mbele yake, juu ya gunia, chatu mwembamba wa urefu wa mtu alikuwa anajinyonganyonga. Kichwa kilikuwa kimepinduka, kidevu kikitazama juu, na kila alipojaribu kukirudisha kiligeuka tena kwa kishindo kidogo, kama mtu anayesinzia na kushtuka. Pembeni kulikuwa na ndoo yenye maji meupe, na kitambaa kimetundikwa ukingoni.

Milembe aliinua macho. "Daktari," alisema. "Umekuja kuangalia?"

"Ni huyu tu?" Elina aliuliza. "Mkubwa umempaka?"

"Mkubwa bado. Nilimpima huyu kwanza, sababu ana kupe wawili watatu tu. Nikasema akikaa salama, jioni nimpake Mama Mkwe."

"Usimpake. Mayu, usimpake! Tunataka maji. Ya uvuguvugu, mengi."

Milembe hakuuliza. Alikimbilia jikoni, na Elina akaimwaga ile ndoo kwenye shimo la takataka. Walileta beseni kubwa la kufulia. Elina alikuwa na Harieth kwenye simu, sauti imefunguliwa, imelazwa juu ya kigoda. Mshikeni kichwa kisizame, alisema Harieth. Tumieni sabuni kidogo ya kipande, si ya unga. Msisugue. Badilisheni maji, badilisheni tena. Milembe ndiye aliyemshika kichwa. Mwili aliushika Elina.

Hakuwahi kufikiri mikono yake ingekubali. Alitarajia utelezi, akakuta kitu kikavu na kizito, kama mkanda mpya wa ngozi, na ndani ya mkanda ule misuli ikiruka yenyewe bila mpango. Alimwagia maji. Aliosha magamba ya tumbo kwa viganja, taratibu, huku mgongo ukimwasha kwa hamu ya kukimbia.

"Anaitwa nani?" aliuliza, kwa sababu kimya kilikuwa kinamshinda.

"Karani. Baba alimwita hivyo kwa sababu hapendi kazi. Ukimweka shingoni analala." Milembe aliinua kile kichwa kidogo juu ya maji. "Mkubwa ni Mama Mkwe kwa vile hakuna mwanamume anayemtazama usoni."

Walibadilisha maji mpaka kuni zikaisha. Karani aliacha kujinyonga. Elina alishusha pumzi, akadhani ni nafuu, akamweleza Harieth. Harieth aliuliza kama ulimi unatoka. Hautoki. Aliuliza kama ukimgusa mkia anauvuta. Hauvuti.

"Basi mwacheni apumzike," alisema Harieth kwa sauti ya chini. "Mmefanya kinachowezekana."

Jua lilikuwa bado juu ya mashamba Karani alipokufa. Milembe alimfunika kwa gunia, akabaki ameweka mkono juu yake.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kama una uhakika."

"Uliniuliza," alisema Elina.

Muda huo wakaja wanaume wa kikundi. Walikuwa wamekuja kufanya mazoezi. Wiki ile walikuwa na mashindano ya ngoma Mwanhuzi. Waliokuwa na ngoma mabegani walizitua mmoja baada ya mwingine walipoliona gunia. Mbele yao alikuwa Salu, mdogo wake marehemu Mayige, mwanamume mrefu mwenye kovu la jino la nyoka kwenye kiganja. Alilifunua gunia, akatazama, akalifunika.

"Mwadila," alisalimia, na hakusubiri kuitikiwa. "Milembe, nilikwambia nini siku ya matanga? Nyoka ni mali ya ukoo na ni kazi ya wanaume. Ukasema baba yako alikufundisha. Haya, amekufundisha kuua. Mama Mkwe naondoka naye leo."

Milembe alitazama chini, na Elina akaona kwamba hatajibu: hatasema dawa ilitoka wapi, kwa sababu ni yeye aliyekataa maji ya tumbaku, na ni yeye aliyewaambia wote kwamba anakwenda kwa wataalamu. Kusema kungekuwa kujicheka mwenyewe.

Shija alikuwa kule mbali, ameshageuza pikipiki. Elina angeweza kuaga. Hapana aliyemjua pale ila Milembe, na hapana aliyekuwa amemuuliza kitu.

"Baba," alimwambia Salu, na sauti ikamtoka nyembamba. "Aliyemuua si Milembe. Ni mimi. Nauza dawa Bariadi. Alinionyesha kupe, akaniuliza, nikampa dawa ya ng'ombe."

Wanaume waligeuka wote. Salu alimpima kwa macho kuanzia viatu vyenye vumbi.

"Wewe ni daktari wa nyoka?"

"Hapana."

"Ni daktari wa chochote?"

"Nina cheti cha mifugo. Nauza dukani."

"Alikuita nani alipokuja?"

"Daktari."

"Ukaitikia?"

"Niliitikia."

Mmoja wa wapiga ngoma alicheka kwa pua, akaacha alipoona mwingine hacheki. Salu alikunja na kukunjua kile kiganja chenye kovu.

"Kwa nini hukusema tu hujui?"

Elina alimtafutia jibu. Alifikiria foleni, alimfikiria Constantine, akaona yote ni madogo mno kuyataja mbele ya gunia lile. "Niliona aibu," alisema.

"Aibu," alirudia Salu.

"Yeye alifanya vizuri kuliko mimi. Alimpima mdogo kwanza. Angempaka mkubwa kama nilivyomwambia, sasa hivi mngekuwa mmepoteza wote." Elina aliinua simu. "Na mtu anayejua yuko hapa. Anasema kupe wanatolewa kwa mkono. Mama Mkwe bado amejaa. Mkiondoka naye leo mnaondoka nao."

Sauti ya Harieth ilitoka kwenye simu, ikawasalimia wanaume kama vile iko kikaoni. Aliwaambia wanahitaji vibanio, chumvi ya kutilia kupe kwenye kopo, na mtu asiyeogopa wa kushika kichwa. Mmoja wao akauliza kuhusu maji ya tumbaku.

"Hayo nayo ni sumu," alisema Harieth. "Mngempaka, mngekuwa na msiba ule ule."

Hapo Salu alitazama pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa amesisitiza tumbaku.

Walimtoa Mama Mkwe kibandani akiwa amebebwa na watu wanne. Alikuwa mnene kama paja la mwanamume, na kupe walimng'ang'ania kwenye mikunjo ya shingo kama kokoto zilizonasa kwenye soli. Bila kuambiwa, Salu alimkabidhi Milembe kichwa, mwenyewe akashika shingo, wengine mwili. Elina alipewa kibanio cha kung'olea miiba. Alimbana kupe wa kwanza karibu na ngozi kama Harieth alivyoelekeza, akamvuta moja kwa moja bila kumzungusha, akamdondosha kwenye kopo. Mama Mkwe alitoa ulimi, akamgusa mkono. Elina alifumba macho, akayafumbua, akaendelea. Mama mzazi wa Milembe alitoka ndani na wembe. Alipoambiwa haufai, akarudi akaja na kibanio cha nyusi.

Hakuna aliyemsifu mtu. Walipomaliza, Salu alisema Mama Mkwe atabaki pale pale kwa sasa, kisha akaokota ngoma yake. Milembe alimsindikiza Elina mpaka mwisho wa ua, si zaidi.

"Namba niliyonayo ni ya duka," alisema. "Siitaki. Nipe yako."

Constantine hakumfukuza. Alimwambia kwamba ameliharibia duka jina, na kwa kweli mnada uliofuata watu wawili walipita wakiuliza kwa kicheko kama kuna dawa ya mamba. Alimtoa kaunta, akamweka stoo apakue magunia ya pumba. Kaunta akapewa Winnie. Haikuchukua muda Winnie akachanganya chanjo ya kuku na dawa ya kuku, na Constantine akamrudisha Elina mbele bila maelezo. Alipoitwa daktari sasa alisema, "Elina, mayu, mimi ni Elina," na wengine walimwona ana maringo.

Kikundi kilikwenda Mwanhuzi bila nyoka. Milembe alicheza mikono mitupu, akiinyoosha angani kama amebeba mzigo, na watu walipiga kelele wakidhani chatu yuko njiani. Elina aliambiwa hayo na Shija, ambaye naye aliambiwa na wengine. Milembe mwenyewe hakuwa akisema mengi. Elina akimpigia, alijibu, "Yuko salama," akakata. Elina alishindwa kutulia. Alikuwa akiamka, akajikuta anakagua simu kabla ya kukumbuka anatafuta nini.

Halafu Milembe alipiga mwenyewe.

"Hali chakula," alisema. "Tangu siku ile. Nimempa kuku, amempita kama jiwe. Kidonda hana, kupe hana. Salu amekuja jana, amesimama mlangoni tu. Ananisubiri nishindwe."

Harieth alipoelezwa hakushtuka. Alisema msimu wa baridi chatu hufunga kula, na huyu amevurugwa, ameshikwashikwa na watu wengi. Apewe joto, apewe giza, asitazamwetazamwe.

"Mpaka lini?" aliuliza Elina.

"Mpaka atakapotaka mwenyewe. Mimi simwamuru, na wewe humwamuru."

Jibu hilo lilimkera Elina kuliko kama angeambiwa habari mbaya. Alimpa Milembe maneno yale yale, bila kuongeza lake. Milembe aliguna. Hata hivyo alifanya: aliziba matundu ya kibanda kwa udongo, akaweka majani makavu, akamkataza kila mtu kuchungulia, hata mama yake.

Baridi ilipoanza kulegea, Elina alitoka kanisani Jumapili akaenda Lagangabilili. Shija alimfikisha, na safari hii alisogea mpaka kwenye uzio, lakini alibaki juu ya pikipiki. Milembe alimletea Elina kigoda. Hakumwambia karibu wala hakumwambia aondoke. Alikuwa ameshika kuku mwekundu kwapani.

"Jana amebadilisha ngozi," alisema. "Imetoka nzima, mpaka ya macho."

Alifungua mlango wa kibanda upenyo mdogo, akaingiza kuku, akafunga. Wakakaa kando ya ukuta wa udongo, migongo ikiuegemea. Ndani, kuku alitembea. Alikwaruza majani, akadonoa kitu, akatembea tena. Goti la Elina lilikuwa linacheza lenyewe. Alilishika kwa mkono, likaendelea kucheza chini ya mkono. Alitaka kuuliza kama ndivyo ilivyokuwa mara ya mwisho, kama kuku alitembea hivi hivi mpaka jioni. Hakuuliza. Milembe alikuwa anauma ncha ya kanga.

Kuku alinyamaza, akaanza tena kukwaruza.

"Nikichungulia kidogo tu?" alinong'ona Elina.

"Thubutu."

Kivuli cha bati kilikuwa kimefika miguuni mwao mabawa yalipopiga ukuta kwa ndani, mara moja, kwa nguvu, udongo ukawadondokea mabegani. Kuku alilia kilio kifupi. Majani yakavuma, kitu kizito kikajiviringisha, na baada ya hapo hapakuwa na sauti.

Milembe alimshika Elina kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma.

"Usisimame," alisema. "Bado. Akisikia watu atamtema."

"Sisimami," alisema Elina, na mwili mzima ulikuwa unataka kusimama.